Kwa nini nesi anapita kitanda cha mwanao?

Saa nane za usiku, wodi ya watoto. Mwanangu, mwaka mmoja na miezi minne, amelala ubavu na dripu yake imekauka. Mpira umeanza kurudisha damu kidogo. Tulikuwa usiku wa tatu wodini, nimonia ndiyo iliyotupeleka pale.

Nikaenda mezani. "Sista, samahani, dripu ya mwanangu imeisha."

"Nimeona, mama. Ifunge hapo juu, nakuja."

Alikuja baada ya dakika arobaini. Katika dakika hizo alipita mbele ya kitanda chetu mara sita, na mara zote sita alikuwa akienda kitanda kile kile, cha karibu na meza yao. Nilihesabu. Mtu mwenye hasira huhesabu kila kitu.

Nikajijibu kama wengi tunavyojijibu: yule mama wa karibu na meza anajuana na sista, au ameshatoa chochote. Na sikukaa na jibu hilo peke yangu. Nilimgeukia mama wa kitanda cha mwisho, ambaye mwanawe alikuwa karibu kuruhusiwa, nikamwambia: "Hawa hata ukiwaita hawaji. Kaa tu."

Maneno hayo nimeyajutia hadi leo, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Jibu nililopewa asubuhi

Palipokucha nilikwenda kulalamika kwa muuguzi kiongozi wa wodi, mama wa makamo aliyekuwa akivaa miwani kwenye ncha ya pua. Hakunijibu kwa ukali. Alifungua daftari la wodi akanionyesha orodha ya watoto, na pembeni ya kila jina kulikuwa na herufi: A, B au C.

"Wako leo ni B," alisema. "Huyo wa karibu na meza ni C. Yuko kwenye oksijeni, amepata degedege mara mbili tangu jana. Mlipoingia ninyi, mlilazwa kitanda kipi?"

Nikanyamaza. Usiku wa kwanza tulilazwa kitanda kile kile cha karibu na meza. Usiku ule sista alikuwa akija kwetu kila baada ya muda mfupi: anapima joto, anaangalia kifua, anashika mkono. Mimi niliona ni kawaida. Sikujiuliza hata mara moja ni mama gani wa mwisho wa wodi aliyekuwa akisubiri dakika arobaini ili mwanangu ahudumiwe.

Herufi zile si siri wala si upendeleo. Ni utaratibu wa kuwagawa wagonjwa kwa kiasi cha uangalizi wanaohitaji. Si hospitali zote zinazoandika herufi. Nyingine hutumia namba, nyingine rangi, nyingine hazina maandishi kabisa ila wauguzi wanajuana kwa macho. Lakini wazo ni moja, na mzazi akilielewa anaacha kupigana na sista na anaanza kumsaidia kumwokoa mtoto.

Mlangoni na wodini ni vitu viwili

Wazazi wengi tunakutana kwanza na mgawanyo wa mlangoni. Unafika na mtoto, foleni ni ndefu, mara anaitwa mtoto aliyekuja nyuma yako. Huo ni upangaji wa nani aonwe kwanza. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani (WHO) lina utaratibu uitwao ETAT, unaowagawa watoto wanaofika katika makundi matatu: wa dharura, ambao wanatakiwa kushughulikiwa hapo hapo, wa kipaumbele, ambao wanatangulizwa kwenye foleni, na wanaoweza kusubiri zamu yao.

Utaratibu huo si wa kwenye karatasi tu. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, mjini Blantyre nchini Malawi, walipopanga upya mapokezi ya watoto ili wagonjwa zaidi watambuliwe na kutibiwa mara wanapofika, vifo vya watoto waliolazwa vilipungua kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya asilimia 6 na 8. Mabadiliko hayo yalielezwa katika jarida la WHO mwaka 2006.

Mgawanyo wa wodini ni jambo jingine. Swali lake si nani atangulie, bali ni hili: kwa watoto hawa waliolala hapa leo, inahitajika kazi ya uuguzi kiasi gani, na kwa hiyo wauguzi wangapi wawe zamu?

Watoto 24 si sawa na watoto 24

Kwa muda mrefu hospitali nyingi duniani zilipanga wauguzi kwa kuhesabu vitanda. Vitanda vingi, wauguzi wengi. Vitanda vichache, wauguzi wachache. Miaka ya mwanzo ya 1960, mtafiti Robert Connor, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani, aliwagawa wagonjwa katika makundi matatu: wanaojiweza, wanaohitaji msaada wa wastani, na wanaohitaji kuhudumiwa karibu kila kitu. Aligundua kuwa mzigo wa wauguzi unafuata idadi ya wagonjwa walio kundi la tatu kuliko idadi ya vitanda vilivyojaa. Wodi inaweza kuwa na wagonjwa wachache ikawa na kazi nyingi kuliko ile iliyofurika.

Tupige hesabu ya nyumbani. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme katika zamu moja yenye urefu wa saa 8, mtoto wa kundi A anahitaji nusu saa ya mikono ya muuguzi, wa B saa moja, na wa C saa mbili na nusu.

Wodi ya kwanza ina watoto 24: A 12, B 8 na C 4. Hapo tunapata saa 6, saa 8 na saa 10. Jumla ni saa 24, yaani kazi ya wauguzi watatu.

Wodi ya pili nayo ina watoto 24, lakini A ni 4, B 8 na C 12. Sasa tunapata saa 2, saa 8 na saa 30. Jumla ni saa 40, yaani kazi ya wauguzi watano.

Idadi ya watoto haikubadilika. Anayehesabu vitanda atapeleka wauguzi watatu kila wodi, na wodi ya pili itabaki na saa 16 za kazi ambazo hazina mtu. Hapo bado hatujaweka kazi ambazo mzazi hazioni kitandani: kuandaa dawa, kujaza mafaili, kupokea mgonjwa mpya, kufuata damu maabara, kukabidhiana zamu.

Nini kinamweka mtoto kundi C?

Mtoto hapangiwi kundi kwa kulia sana wala kwa jina la ugonjwa peke yake. Watoto wawili wanaweza wote kuwa na malaria, mmoja akawa A na mwenzake C. Kwa kawaida muuguzi anaangalia mambo kama haya:

Kupumua: je, anapumua mwenyewe vizuri, au yuko kwenye oksijeni?

Fahamu: yuko macho na anakutambua, amelegea, au anapata degedege?

Kula na kunywa: ananyonya, analishwa kwa kijiko, au kwa mpira wa puani?

Dawa na maji: anakunywa dawa mara mbili kwa siku, au ana dripu na sindano kila baada ya saa chache? Anaongezewa damu?

Vipimo: apimwe mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 4, au kila nusu saa?

Umri: mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, anaweza kubadilika haraka kuliko mkubwa.

Na mlezi: mtoto aliyekuja bila mama, au ambaye mama mwenyewe bado anaumwa, anahitaji mikono zaidi ya wauguzi hata kama ugonjwa wake si mkubwa.

Nchini Uingereza hospitali nyingi hutumia kipimo chenye ngazi kuanzia 0 hadi 3 kupanga wauguzi wa wodi, na kuna toleo la watoto. Jimbo la California huko Marekani limekwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2004 sheria yake inaweka ukomo: katika wodi ya watoto muuguzi mmoja asipewe wagonjwa zaidi ya wanne, na katika chumba cha uangalizi maalumu wasizidi wawili. Hata hapo sheria inasema namba hiyo ndiyo ya chini kabisa. Wagonjwa wakiwa na hali nzito zaidi, hospitali inatakiwa kuongeza wauguzi kwa kuangalia makundi yao.

Kwetu kuna ikama, na kuna usiku wa leo

Tanzania na nchi nyingine za Afrika zimetumia mbinu ya WHO iitwayo WISN kupima mahitaji ya watumishi wa afya. Mbinu hiyo ilitolewa mwaka 1998 na mwongozo wake ukaboreshwa mwaka 2010. Inachukua kazi zote za kituo kwa mwaka mzima, inaangalia kila kazi inachukua muda gani ikifanywa ipasavyo, kisha inagawa kwa muda ambao mtumishi mmoja anao kweli baada ya kutoa likizo, siku za kuumwa na mafunzo. Jibu linalopatikana linasaidia kupanga ikama.

Lakini ikama ni ya mwaka, na mtoto anaumwa usiku wa leo. Ikama inaweza kusema wodi iwe na wauguzi 12. Haiwezi kusema nani awe zamu Jumamosi usiku baada ya mvua kubwa, wakati malaria imepamba moto na watoto tisa wamelazwa kwa mkupuo. Hapo ndipo herufi za kwenye daftari zinapofanya kazi. Muuguzi kiongozi anaangalia C ziko ngapi, anaomba mtu kutoka wodi yenye nafuu, anasogeza vitanda, anampa mwenye uzoefu watoto wazito na mgeni wa kazi watoto wepesi.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana makala hii si ya kumsafisha mtu. Usiku ule sisi tulikuwa na watoto 31, wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Muuguzi kiongozi alijua, herufi zilikuwepo, na hakuna wa tatu aliyeletwa. Mgawanyo wa wagonjwa hauzai wauguzi. Unamwonyesha mwenye kupanga kwamba hawatoshi, na kumtaka achague. Ukibaki kwenye daftari bila mtu kuchukua hatua, unakuwa njia ya kuamua nani akose huduma.

Na kukosa huko kuna gharama. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi uliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu kulazwa. Zile zilikuwa hospitali zinazohesabu wagonjwa wanne hadi wanane kwa muuguzi. Sisi tulikuwa zaidi ya kumi na tano.

Kitanda cha mwisho

Nirudi kwa yule mama niliyemwambia akae tu.

Mwanawe alikuwa A. Alikuwa amecheza jioni, amekula uji, na daktari alikuwa ametaja kuruhusiwa kesho yake. Kwa hiyo alipimwa saa mbili usiku na kipimo kilichofuata kilikuwa cha alfajiri. Utaratibu ulikuwa sahihi kwa hali yake ya saa mbili.

Saa tisa usiku mama yake aliona anapumua kwa haraka. Aliniambia baadaye kwamba alinyanyuka mara mbili kwenda mezani na mara mbili akarudi, kwa sababu aliona sista yuko na yule mtoto wa degedege, na kwa sababu ya maneno yangu. Alifajiri wauguzi walipokuwa wakikabidhiana zamu kitanda kwa kitanda, walimkuta mtoto kifua kinabonyea kila anapovuta pumzi na hataki titi. Walimbeba mbio hadi karibu na meza. Kitanda kile tulichokigombania kwa macho usiku kucha, asubuhi kilikuwa cha kwake.

Alipona. Walikaa siku nane zaidi. Lakini zile saa tatu zilipotea, na hazikupotezwa na sista.

Kundi la mtoto ni picha ya saa aliyopimwa. Likiandikwa saa mbili usiku, halijui kinachotokea saa tisa. Anayejua ni wewe uliyelala pembeni yake.

Mzazi ufanye nini?

Uliza mapema. Ukishalazwa, uliza kwa heshima: "Sista, mwanangu leo yuko kwenye kundi gani, na anapimwa kila baada ya saa ngapi?" Ukijua kwamba kipimo ni kila baada ya saa 6, hutakasirika saa ya pili. Na saa ya saba ikipita utakuwa na haki ya kukumbusha.

Sema mabadiliko. "Mwanangu hayuko vizuri" ni maneno ambayo sista anayasikia kutoka kila kitanda. Sema: "Hadi saa mbili alikuwa ananyonya, sasa amekataa mara mbili." Au: "Alikuwa ananijibu, sasa hafungui macho." Sentensi kama hiyo inaweza kumtoa mtoto A ikampeleka C kwa dakika moja.

Zijue dalili zisizosubiri. Mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, akipumua huku kifua kinabonyea ndani, au midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu, nenda mezani hapo hapo. Sista akiwa na mgonjwa mwingine, sema kwa sauti inayosikika dalili uliyoiona. Huo si usumbufu.

Hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, weka simu yako kwenye saa na uangalie kifua kikipanda kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa miezi miwili hadi kumi na miwili, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ukizipata hizo, mwite muuguzi na umtajie namba.

Usiguse mashine. Usiongeze kasi ya dripu ili iishe haraka, usipunguze oksijeni kwa sababu mtoto analia, usibadilishane kitanda na mwenzako ili upate dirisha. Mtoto amewekwa pale kwa sababu.

Fanya kilicho chako. Kumlisha, kumbadilisha, kumfuta, kumbeba kifuani kama ni njiti na umeelekezwa huduma ya kangaruu, kukumbuka amekojoa mara ngapi na ameharisha mara ngapi. Kila unachofanya vizuri kinampa sista dakika za kuwa na mtoto mzito. Dawa, sindano na mipira muachie yeye.

Uwepo wakati wa kukabidhiana zamu. Usiende kuoga wala kufuata chai saa hiyo. Wanapofika kitandani kwako, ndipo sista mpya anapomfahamu mwanao. Kama kuna jambo la usiku halikutajwa, litaje.

Usitoe chochote ili usogezwe. Ukimvuta muuguzi kwa noti, umemvuta kutoka kwa mtoto wa mtu. Kesho anaweza kuvutwa kutoka kwa wako.

Ukilalamika, lalamika kwa namba. Andika tarehe, zamu, watoto walikuwa wangapi, wauguzi wangapi, ulisubiri kwa muda gani na mtoto alikuwa na hali gani. Peleka kwa muuguzi kiongozi, kwa uongozi wa hospitali au kwenye sanduku la maoni, na kama ni kituo cha karibu nawe, kwa kamati ya afya ya kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi. "Sista ana dharau" ni barua itakayomfikia sista peke yake. "Watoto 31, wauguzi wawili" ni barua inayomhusu anayepanga.

Dakika arobaini

Siku tuliyoruhusiwa, mwanangu alikuwa A. Nilijua bila kuuliza, kwa sababu tulikuwa tumesogezwa hadi mwisho kabisa wa wodi, kitanda alichokiacha yule mtoto mwingine, na tangu asubuhi hakuna sista aliyekuwa amesimama kwetu zaidi ya dakika mbili.

Karibu na meza alikuwa ameingia mtoto mpya, na mama yake alikuwa bado amevaa ndala za nyumbani, kila mguu wa rangi yake. Sista alikuwa ameinama pale na hakuinuka. Mama mmoja katikati ya wodi akasonya, akaniuliza kama na mimi naona upendeleo ule.

Nikamwambia avute kiti, nimweleze.